Mtu wa Maono: Johann Ludwig Krapf na Mnyororo wa Rabai

Somo: Habakuki 2:1–3

Tangu tulipofundishwa juu ya maono mwezi huu, hili neno limekuwa mdomoni mwa kila mtu. Vijana wana maono. Kwaya ina maono. Kamati ya ujenzi nayo ina maono, tena imeyachora kwenye bango pale getini, ghorofa nne na mahali pa kuegesha magari. Mimi sina ubaya na bango. Lakini najiuliza: huyu tunayemwita mtu wa maono, tukipewa nafasi ya kumtazama toka ujana wake mpaka siku anakufa, tungemtambua kweli? Ama tungemwona mtu aliyehangaika tu?

Ndiyo maana wiki hii sitafafanua tena Mithali 29:18. Nawaletea maisha ya mtu mmoja. Wengi wenu mmesikia jina lake shuleni, mkaandika kwenye mtihani kwamba alikuwa mmisionari wa kwanza na kwamba aliuona Mlima Kenya, basi, mkapata alama mbili. Ni Johann Ludwig Krapf. Hakuwa Mpentekoste, siku zake hilo jina hata halikuwepo. Msimnyime heshima kwa sababu hiyo.

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810, kijiji cha Derendingen karibu na mji wa Tübingen, kule Ujerumani ya kusini. Baba yake alikuwa mkulima. Akiwa mvulana, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulifanya, akaugua miezi mingi. Hakuwa na la kufanya kitandani ila kusoma, na kitabu kilichokuwa karibu ni Biblia. Baadaye, shuleni, akapata ramani ya dunia. Akaona upande wa Afrika Mashariki majina ni machache sana, karatasi nyeupe tupu. Akashangaa. Kwani huko hakuna watu?

Hapo ndipo maono yake yalianzia, kwa mtoto anayetazama ramani. Hakukuwa na sauti wala malaika. Nasema hivi kwa sababu kuna ndugu wanaosumbuka moyoni eti hawajawahi kuona kitu usiku, kwa hivyo Mungu hajawaita. Krapf aliona nafasi tupu kwenye karatasi, ikamkera, na ikaendelea kumkera maisha yake yote. Ingawa niseme pia kwamba ile karatasi ilikuwa inadanganya. Huku kwetu watu walikuwepo, na miji, na misafara ya biashara, na mashairi. Nafasi tupu ilikuwa kwenye ramani ya mzungu. Krapf mwenyewe ilimchukua miaka kulielewa hilo vizuri, na sina hakika kama alilielewa lote.

Alisoma chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi, kisha shirika la Uingereza la CMS likamtuma Ethiopia mwaka 1837. Huko hakukaa kwa raha. Mwaka 1838 yeye na wenzake walifukuzwa Tigray. Akazunguka, akaingia Shoa kwa mfalme Sahle Selassie mwaka 1839, akakaa kama miaka mitatu. Na ni Shoa ambako maono yake yalipata sura. Aliwaona Waoromo, taifa kubwa, limetapakaa nchi nyingi, akasadiki kabisa kwamba hao ndio ufunguo wa Afrika Mashariki. Wakiamini Waoromo, alifikiri, bara lote litaamini. Akaanza kujifunza lugha yao na kutafsiri sehemu za Biblia.

Mwaka 1842 alishuka kuelekea pwani ili akamwoe Rosine Dietrich, aliyekuwa ametoka Ulaya kuja kuolewa naye Misri. Njiani alikamatwa, akaporwa kila kitu. Alipooa na kutaka kurudi Shoa, mlango ukawa umefungwa. Walijaribu njia nyingine. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa jangwani safarini, akafa mara moja. Wakamwita Eneba, maana yake chozi.

Sasa hapa ndipo nataka msomaji asimame kidogo. Krapf hakuja Mombasa kwa sababu aliota Mombasa. Alikuja kwa sababu milango ya kaskazini ilifungwa, akawaza: nitazunguka kwa bahari, niwafikie Waoromo kutoka kusini. Sisi huku tulikuwa njia ya kupitia. Kila kitu tunachomkumbukia leo kilitokea alipokuwa akielekea mahali ambapo hakuwahi kupata kituo.

Yeye na Rosine walifika Zanzibar Januari 1844. Sultani Sayyid Said aliwapokea vizuri na kumpa Krapf barua ya kuwaomba maliwali wa pwani wamtendee wema. Mwislamu anamwandikia padri barua ya njia. Watu wa pwani hamtashangaa. Mwezi wa tano wakahamia Mombasa. Juni 8 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin. Hebu picheni: wawili hao wameketi na kuanza na neno la kwanza la Mwanzo, mmoja Mlutheri kutoka Württemberg na mwingine kadhi.

Mwezi mmoja baadaye homa iliingia nyumbani. Julai 6 Rosine alijifungua mtoto wa kike. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Julai 13 Rosine akafariki, na siku chache baadaye mtoto naye akamfuata. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Kaburi lipo hata leo, na mnara wa kumbukumbu karibu yake. Ukienda ufuoni Nyali unaweza kupita hapo na usijue. Krapf aliyekuwa bado mgonjwa aliwaandikia wakuu wake Uingereza kuwa kaburi hilo ni ishara, kwamba mapambano na sehemu hii ya dunia yameanza, na kwamba ushindi wa kanisa huwa unapita juu ya makaburi ya watu wake.

Barua hiyo imehubiriwa mara nyingi sana. Nimeihubiri mimi pia. Lakini tukiihubiri, tusimsahau Rosine. Alikuwa mwanamke aliyesafiri kuja kumwoa mtu ambaye maono yake yalikwisha kuanza bila yeye, akazika mtoto mmoja jangwani na mwingine akamfuata kaburini. Alikuwa muumini hodari, hilo halina shaka, na alikufa akiwa na imani. Hata hivyo, tunapozungumzia gharama ya maono tusiseme kana kwamba aliyelipa ni mwenye maono peke yake. Nimewahi kuketi na mama mmoja ambaye mumewe aliuza ng'ombe wawili wa maziwa na kipande cha shamba ili aanze huduma mjini. Hakuwa analalamika. Aliuliza swali moja tu: kama Mungu alisema na mume wangu juu ya hawa ng'ombe, mbona hakusema nami, na ni mimi nilikuwa nakamua? Mchungaji anayeweza kujibu hilo swali kwa haraka, mimi simwamini.

Krapf hakuondoka. Hilo lazima asifiwe kwalo. Alikuwa na sababu zote za kupanda jahazi na kurudi kwao, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alirudi kwenye maneno. Kwa miaka miwili, peke yake, alizunguka kisiwa na vijiji vya bara akiuliza: hiki mnakiitaje? Na hiki? Alikusanya Kiswahili, na Kirabai, na Kikamba, kitu hadi kitu, neno hadi neno. Waswahili walikuwa wanaandika lugha yao zamani kwa herufi za Kiarabu, na tenzi zao zilikuwepo kabla hajazaliwa. Krapf mwenyewe alipeleka miswada ya tenzi Ujerumani ili wasomi wajue kwamba lugha hii ina fasihi. Yeye alichofanya ni kuiandika kwa herufi za Kirumi na kuitungia sarufi, iliyochapishwa Tübingen mwaka 1850. Ukisoma gazeti hili dogo la kanisa letu, herufi unazozisoma zilipita mkononi mwake.

Mwaka 1846 akapata mwenzake, Johannes Rebmann, kijana kutoka Württemberg vilevile. Wazee wa Rabai, kama kilomita 20 kutoka Mombasa, walikubali wageni hao wajenge kwao. Mwezi wa nane wakahama. Wote wawili walikuwa na homa siku hiyo, wanapanda kilima kwa shida, wanapokezana punda mmoja. Ndivyo kanisa la kwanza la wamisionari wa zama hizi lilivyoanza katika nchi yetu. Hakukuwa na vipaza sauti.

Na kwa miaka hakukuwa na waumini pia. Watu wa Rabai walikuwa na kaya yao, wazee wao, ibada zao, nao waliwasikiliza wageni kwa adabu na kuendelea na shughuli zao. Krapf aliandika maneno makali juu ya desturi zao, juu ya ulevi na ngoma, na ukiyasoma leo yanaudhi. Hakuwa na subira. Mtu anayeona mbali mara nyingi hana subira na kilicho karibu, na huo ni udhaifu wa kweli, usifichwe chini ya neno maono.

Wa kwanza kubatizwa aliitwa Mringe. Alikuwa mlemavu, maskini, mtu ambaye kijijini hakuhesabiwa. Krapf alikuwa anaketi naye wakizungumza. Mringe aliamini, akabatizwa akiwa karibu kufa, na akafa. Basi. Baada ya miaka yote hiyo, kaburi la mke na mtoto, na tunda moja ambalo hata halikukaa.

Wakati huohuo, ndani ya kichwa cha Krapf, ule mpango ulikuwa unakua tu. Siku hizi alikuwa haoni tena Waoromo peke yao. Aliona mnyororo: vituo vya injili kutoka Rabai hadi pwani ya magharibi ya Afrika, kimoja kikishika mkono kingine, katikati ya bara zima. Kumbuka kwamba wakati anawaza hivyo hakuna mzungu aliyejua katikati ya Afrika kuna nini, na yeye mwenyewe alikuwa na kituo kimoja na mwamini mmoja wa kukaribia kufa. Sijui tungesema nini kama mtu kama huyo angesimama katika mkutano wetu wa wazee na kutoa hiyo hoja. Nadhani tungemwomba aketi.

Wacha niwaambie juu ya milima, maana hapo pana jambo ambalo vitabu vya shule hupita mbio.

Mei 11, 1848, Rebmann akiwa safarini Uchagga na kiongozi wa msafara aitwaye Bwana Kheri, aliona kilele cheupe cha Kilimanjaro. Desemba 3, 1849, Krapf akiwa Kitui aliona nguzo mbili nyeupe upande wa kaskazini-magharibi. Ndiyo Mlima Kenya. Waliandika Ulaya: kuna theluji karibu na mstari wa ikweta. London, mtaalamu mmoja wa jiografia aitwaye William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, aliwacheka. Theluji ikweta? Haiwezekani. Homa imewaharibu macho. Kwa miaka mingi watu walioheshimika walimwamini Cooley.

Sasa, hapa ndipo watu husema: unaona, mtu wa maono huona ambacho wengine hawaoni. Si kweli. Wakamba walikuwa wameuona huo mlima siku zote. Wachagga walikuwa wanalala chini ya Kilimanjaro. Aliyemweleza Krapf habari za mlima wa Kenya ni Kivoi, mzee mashuhuri wa Kitui na mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, ambaye misafara yake ilikuwa inashuka hadi pwani. Kivoi alimwambia kuna mlima mkubwa wenye kitu cheupe juu. Krapf alimwamini kabla hajauona, na baada ya siku chache mawingu yakafunguka. Hata jina la nchi hii tunalibeba kutokana na alivyolisikia kwa Wakamba na kuliandika kwenye daftari.

Kwa hivyo tofauti ya Krapf na Cooley haikuwa macho. Cooley alikuwa na vitabu vingi kuliko yeye. Tofauti ni kwamba Krapf alikubali kuambiwa na mtu wa Kitui. Mimi nikiulizwa dalili moja ya mtu wa maono wa kweli, siku hizi sitasema anaona mbali. Nitasema anaambilika. Na nikimwona mtumishi anayesema Mungu humwonyesha kila kitu, lakini shemasi akimwambia paa linavuja anakasirika, moyo wangu husita.

Kivoi alilipa naye. Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani, akitaka kuanzisha kituo cha pili cha mnyororo wake. Kivoi akamchukua hadi karibu na mto Tana. Huko wakavamiwa na majambazi. Kivoi aliuawa. Krapf alikimbia kichakani peke yake, akatembea usiku na kujificha mchana, akajaza maji ndani ya mitutu ya bunduki yake kwa sababu hakuwa na chombo kingine. Alipofika kwa ndugu za Kivoi walimlaumu kwamba ndiye chanzo cha kifo, na ukijiweka mahali pao utawaelewa. Akaponyoka tena, akafika Rabai akiwa kama mzuka. Walikuwa wameshasikia kwamba amekufa.

Kituo cha Ukambani hakikujengwa. Na mnyororo ulikuwa unakatika upande mwingine pia. Johannes Wagner alikuja mwaka 1849 akafa kwa homa baada ya muda mfupi. Krapf alikwenda Ulaya mwaka 1850, akawasha moto makanisani kwa habari za mpango wake, akarudi mwaka 1851 na wenzake wapya. Mmoja wao, Pfefferle, akafa mara tu baada ya kufika. Wengine wakavunjika moyo wakaondoka.

Alipokuwa Ulaya, Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt walikuwa wamepata kiwanja Kisulutini, hapohapo Rabai, wakajenga nyumba nzuri ya kudumu. Krapf hakupendezwa. Kwake nyumba ya kudumu ilikuwa kama kutia nanga wakati jahazi linatakiwa kusafiri. Rebmann aliona vingine. Tukae, alifikiri, tufahamiane na watu, mtoto akizaliwa atukute, mzee akifa atuache hapa. Hawa wawili walipendana, walikuwa wameshika punda mmoja pamoja, lakini katika hili hawakukubaliana.

Nani alikuwa na maono? Nimelifikiria swali hili sana na jibu langu limeegemea upande ambao huenda wengine wenu hawataupenda.

Krapf aliondoka mwaka 1853, afya imemwisha, akiwa na miaka 43. Rebmann alibaki. Alibaki mwaka baada ya mwaka, mkewe akafa mwaka 1866, barua za kumwita nyumbani zikaja na yeye akabaki. Jumla alikaa miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Mwaka 1861 alimbatiza mzee Abe Ngoa na mwanawe Nyondo, aliyepewa jina Isaac. Akakusanya maneno ya lugha hadi za Malawi, kutoka kwa mtumwa aliyetoka huko. Wageni waliompitia walimwona kama mtu aliyesahaulika kichakani. Na macho yake yakaanza kufa. Huyu ambaye alicheka­wa na London kwa kile alichokiona, akawa kipofu. Mwaka 1875, CMS ilipokuwa imeamka na kuanzisha Freretown kwa ajili ya watumwa walioachiliwa huru, Rebmann alipanda meli kurudi Ujerumani, na aliyemshika mkono ni Isaac Nyondo. Walikwenda hadi Korntal, karibu na Stuttgart, alikokuwa akiishi Krapf. Akafa huko mwaka 1876.

Watumishi wa Freretown walipofika Rabai hawakukuta msitu. Walikuta kituo, na watu wachache wanaosali, na lugha iliyokwisha kuandikwa. Baada ya hapo Rabai ikajaa watu, wengine wakikimbilia huko kutoka utumwani. Ukitaka kuona, shuka Mazeras kwenye barabara kuu ya Nairobi, uingie ndani. Nyumba zao bado zipo, kanisa la zamani limekuwa makumbusho, na jirani kidogo tu kuna shule na masoko na kelele za bodaboda. Ni mahali pa kawaida sana. Nilikaa pale nusu saa kwenye kivuli nikitafuta la kushangaa na nikapata watoto wanacheza.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Bila Krapf, Rebmann asingekuja. Bila Rebmann, maono ya Krapf yangekuwa kitabu tu. Katika kanisa tumezoea kumpa mmoja jina la mbeba maono na wengine tukawaita wasaidizi wa maono, kisha tunamtengea yule wa kwanza kiti kikubwa. Sioni kwamba mbinguni wamepanga viti hivyo. Na Krapf, kwa sifa yake, hakuwahi kusema Rabai ni yake. Hakuna alipomdai Rebmann amkabidhi. Aliporudi Afrika Mashariki mwaka 1862, alikuja na Wamethodisti, akina Thomas Wakefield, akawasaidia kuanza kazi Ribe, karibu kabisa na Rabai. Dhehebu jingine! Angeweza kuona wivu. Aliwatafutia mahali, akawaombea kwa wazee, akaugua tena, akaondoka mwaka huohuo. Wakefield alikaa hadi mwaka 1887.

Miaka yake ya baadaye haikuwa ya ushindi. Alijaribu mnyororo mwingine, safari hii kutoka Yerusalemu kupitia Misri hadi Ethiopia, vituo 12 vyenye majina ya mitume. Ulianza, ukakwama, mfalme Tewodros aliwafunga wamisionari gerezani. Mwaka 1867 Waingereza walipotuma jeshi Ethiopia walimchukua Krapf awe mkalimani, akaugua akarudishwa. Na hapa niongeze jambo moja ambalo wachache hulitaja: katika kitabu chake cha safari aliwaonya wenzake wasitegemee utawala wa Ulaya ulete matunda ya injili Afrika Mashariki, wala wasidhani watu wa huku lazima watawaliwe kwanza. Aliandika hayo miongo mitatu kabla ya Uingereza kututawala. Hili aliliona vizuri, na hakusikilizwa.

Kilichobaki kilikuwa maneno. Aliketi Korntal na madaftari yake ya Mombasa, yale aliyoanza mwaka wa kaburi, akayapanga. Neno la Kiswahili, maana yake, mfano wa namna watu wanavyolisema, linatofautianaje Mombasa na Unguja. Ukifungua kamusi hiyo utakuta mazungumzo ya watu waliokufa zamani, namna wavuvi walivyouita upepo, namna mama alivyomkemea mtoto. Mtu aliyetaka kulivuka bara lote kwa hatua kubwa, akamaliza maisha yake akisahihisha herufi mojamoja.

Novemba 26, 1881, akiwa na miaka 71, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake kama mtu anayeomba. Alikuwa ameshaaga. Kamusi ilitoka London mwaka 1882. Mwaka 1883 Joseph Thomson alipita Laikipia, akautazama Mlima Kenya kwa karibu, akapeleka habari Ulaya kwamba theluji ipo.